Mfuko Uliojaa

Inspekta alivuta kiti cha magurudumu cha marehemu, akakikalia.

Profesa alikunja uso. "Hicho ni cha mgonjwa."

"Mgonjwa wake yuko mochwari," alijibu Inspekta. "Nieleze tena, polepole. Mimi si daktari."

Chumba cha vipimo kilikuwa kirefu na cheupe, sakafu yake ya mpira imechorwa njia ya rangi ya njano. Njia hiyo ilipanda kilima kifupi cha mbao, ikazunguka koni mbili, ikarudi ilipoanzia. Mlango ulikuwa mmoja tu, mzito, na juu yake palikuwa na taa nyekundu ya kuwaonya watu wasiingie kipimo kikiendelea.

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti iliyozoea kutiiwa na watu wasiopenda kutii. Asubuhi hiyo alikuwa amekasirika kabla hata hajanywa chai. Mkubwa wake alimpigia simu akamtaka afunge jalada kabla ya adhuhuri. Sista wa wodi alikuwa mahabusu tangu juzi kwa kosa la uzembe uliosababisha kifo. Jalada likifika kwa mwendesha mashtaka, Sista angepelekwa mahakamani, na jioni angelala rumande. "Daktari bingwa ameshatoa maelezo," Mkubwa alikuwa amesema. "Wewe unatafuta nini tena huko?"

Alichokuwa nacho Inspekta ni picha moja, iliyopigwa na askari wa kwanza kufika. Tangu jana picha hiyo ilikuwa inamkera kama kijiwe ndani ya kiatu.

"Marehemu tulimwita Fundi," Profesa alianza. "Alikuwa mfanyakazi wa nyaya za umeme. Alianguka kutoka kwenye nguzo, akaumia uti wa mgongo, hapa, mwishoni mwa shingo. Mabega yalifanya kazi, viganja vilisukuma, lakini vidole havikuwa na nguvu. Chini ya kifua, hakuna."

"Akaingia kwenye utafiti wako."

"Kwa hiari yake, kama wote. Tuna makundi mawili. La kwanza linafanya mazoezi ya kawaida. La pili linatumia mashine: mgonjwa anainuliwa kwa mikanda, uti wa mgongo unapewa umeme kidogo, na miguu inafundishwa upya kukanyaga. Kisha kila mmoja anapimwa humu. Anasukuma kiti kwenye hiyo njia ya njano kwa kasi aliyo nayo, na mpimaji anashika saa."

"Siku ile mlikuwa nani na nani?"

"Fundi, mpimaji, na mimi. Sista alimleta mpaka mlangoni, akaondoka."

"Kilichomuua?"

Profesa alivuta pumzi kama mwalimu aliyeulizwa swali la darasa la chini. "Mtu aliyeumia juu namna ile, kibofu kikijaa hajui. Mwili, hata hivyo, unajua. Presha inaruka ghafla, na isiposhushwa, mshipa wa kichwa unaweza kupasuka. Ndiyo maana wanavaa mpira wa mkojo na mfuko wake. Sista alimkalisha vibaya juu ya mpira. Ukajikunja chini ya paja, mkojo ukakosa njia. Ni uzembe mdogo wenye matokeo makubwa. Inasikitisha."

"Uligundua lini kwamba umejikunja?"

"Alipohamishiwa kwenye machela. Niliuona kwa macho yangu chini ya paja."

"Kabla ya hapo hukuugusa?"

"Nilikuwa napigania uhai wa mtu, mama. Sikuugusa."

"Sista anasema aliumwaga mfuko kabla ya kumleta hapa."

"Hilo ni kweli, ni utaratibu wetu. Mfuko ukiwa na mkojo unaongeza uzito, na kipimo kinaharibika. Nilihakikisha mwenyewe alipoingia. Ulikuwa mtupu."

Inspekta aliinuka kwenye kile kiti. "Ahsante, Profesa. Usitoke jengoni."

"Nina wagonjwa."

"Ndiyo maana nimesema jengoni."

Kwenye korido aliegemea ukuta, akaitoa ile picha. Ilionyesha Fundi angali kitini, kama askari alivyomkuta, na ubavuni mwa kiti unaning'inia mfuko wa mkojo. Ulikuwa umejaa mpaka shingoni.

Hapo ndipo kijiwe kilipokuwa. Mfuko uliingia chumbani mtupu. Kama mpira ulijikunja na kuuzuia mkojo mpaka mtu akafa, mfuko ulijazwa na nini? Maiti haikojoi mfuko mzima. Mkojo ulizuiwa kweli, lakini baadaye mtu akaufungulia njia, ukamwagika wote kwa mkupuo. Mtu huyo alifanya hivyo ndani ya chumba chenye mlango mmoja, na Sista hakuwemo.

Jambo la pili alikuwa nalo mfukoni, ndani ya nailoni ya vielelezo: kipande cha ule mpira. Kitu kilichojikunja huacha mkunjo mmoja. Mpira huu ulikuwa na alama mbili zilizonyooka, zikitazamana pande mbili, kama umeng'atwa na mdomo usio na meno.

*

Wodi ilikuwa upande wa pili wa korido. Wanaume kadhaa walikuwa kwenye viti vyao, wengine wakinyoosha mikono kwa kamba zilizofungwa ukutani. Mazungumzo yalikatika Inspekta alipoingia.

"Karibu uketi, afande," ilisema sauti nzito kutoka dirishani. "Sisi tulishaketi zamani."

Wachache wakacheka. Aliyesema alikuwa mtu wa kifua kipana na mikono minene kama ya mbeba magunia. Walimwita Nahodha. Kabla ya utafiti huu alikuwa mshindani wa mbio za viti vya magurudumu. Yeye aliumia kiunoni, hivyo kuanzia hapo kwenda juu alikuwa mzima kabisa.

"Wewe ndiye uliyekuwa rafiki wa Fundi," Inspekta alisema.

"Mimi ni rafiki wa kila mtu. Hakuna anayeweza kunikimbia, na mimi siwezi kumkimbia."

Inspekta hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa kiti cha Nahodha. Pale palibanwa kibanio cha nguo, cha plastiki, cha bluu. Akatazama kiti cha jirani: kibanio. Cha mbele yake: kibanio. Dirishani hapakuwa na kamba ya kuanikia, na nguo za wodi zilifuliwa na dobi wa hospitali.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya taulo," alijibu Nahodha upesi. "Lisije likaingia kwenye tairi."

"Taulo lako liko wapi?"

"Limechafuka."

"Na la huyu? Na la yule pale? Leo taulo zote zimechafuka, vibanio vimebaki vinangoja?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Inspekta alikichomoa kile kibanio cha bluu. Akatoa kipande cha mpira, akakiweka juu ya meza ya dawa, akabana pembeni ya zile alama. Alihesabu kimya kimya mpaka akachoka, akakitoa. Sasa palikuwa na alama jozi mbili, zimelala sambamba kama mapacha kitandani.

"Nahodha," alisema kwa sauti ya chini, na waliomfahamu wangejua kwamba sauti hiyo ni mbaya kuliko kelele. "Fundi alikuwa hawezi kubana kijiko bila kufungiwa kamba mkononi. Hakuwa na vidole vya kukifungua hiki, wala vya kukifunga. Humu ndani mwenye vidole ni nani?"

Nahodha alitazama mikono yake mwenyewe.

"Ulimuua?"

"Usiniambie hivyo, mama."

"Nakuuliza, sijakuambia. Ningekuwa nakuambia ungekuwa na pingu."

"Nilimsaidia!" Nahodha alipiga mkono wa kiti. "Aliniomba. Wote wananiomba! Kwetu sisi wa viti kuna siri moja, niliikuta kwenye mashindano. Mtu wa shingo akibana mpira kidogo kabla ya mbio, presha inapanda, mikono inapata nguvu ambayo hana. Kule ni marufuku, ukikamatwa unafukuzwa. Hapa nani atakukamata? Unabana, unaingia, unazunguka njia yao, unatoka, unafungua. Dakika chache tu. Unarudi kitandani una kichwa kizito, lakini alama zimepanda."

"Alama za nini? Mnapewa vikombe?"

"Asiyepanda alama hapewi awamu ya pili ya mashine. Anarudishwa nyumbani. Unajua nyumbani kwa Fundi? Ghorofa ya tatu, ngazi tupu. Aliwahi kubebwa kushuka kwenda kliniki, akaniambia walimbeba kama kabati." Nahodha alisugua tairi la kiti chake. "Siku ya kwanza mashine ilipomwinua, mkewe alikuwepo. Aliniambia, 'Nahodha, leo nimemwona mke wangu usoni. Nimechoka kumtazama kuanzia kwenye mkanda.' Halafu mimi nimnyime kibanio?"

Inspekta alikiinua kibanio. "Nani alikuwa anakifungua?"

"Mimi. Nilikuwa namngoja mlangoni. Siku ile nilingoja, mlango haufunguki. Nikagonga. Profesa akanifokea kutoka ndani, 'Kipimo kinaendelea!' Nikagonga tena. Nikanyamaziwa."

"Kwa nini Fundi hakusema? Mdomo wake ulikuwa mzima."

Walioketi karibu walitazamana. Aliyejibu alikuwa mzee mmoja aliyekuwa ananyoosha kamba. "Sheria ya chumba, afande. Mpimaji hatakiwi kujua nani ni wa mashine na nani ni wa mazoezi tu, asije akapendelea. Kwa hiyo mgonjwa hazungumzi na mpimaji. Tumekaririshwa kama watoto wa chekechea. Ukifungua mdomo, kipimo kinafutwa, na wewe huna alama."

"Mtu anakufa, anafunga mdomo asije akafutiwa alama," Inspekta alisema taratibu. "Na Profesa anajua habari ya vibanio?"

"Aliwahi kuuona mpira wa jamaa hapa umebanwa," alisema Nahodha. "Asubuhi ya kipimo, akipita. Aliutazama kabisa. Kisha akageukia dirishani, akasema leo kuna jua zuri."

Inspekta alitukana, tusi fupi la barabarani ambalo mama mwenye umri wake hategemewi kulijua.

"Sista analala sakafuni tangu juzi," alisema. "Mwanamke anayewageuza usiku msioze migongo. Na wewe umekaa hapa na vidole vyako kumi unasema taulo limechafuka."

Nahodha aliinamisha kichwa. "Nikisema, utafiti unafungwa. Hawa wenzangu wote wanarudishwa kwenye ngazi zao. Nilijiambia Sista ana miguu, atatoka tu."

"Miguu haifungui mlango wa selo. Twende."

*

Walipofika chumba cha vipimo walimkuta mjane wa Fundi. Alikuwa amekuja kuchukua kiti cha mumewe, na Profesa alikuwa anampa pole kwa sauti laini. Inspekta alimwagiza askari amlete na mpimaji. Alikuja msichana mwembamba mwenye sare ya kijani, macho yamevimba, akasimama karibu na koni kana kwamba ni mojawapo. Juzi, alipohojiwa, alisema tu kwamba alitumwa kuita msaada, hakuona kitu.

"Afande," mjane alianza, "yule nesi mmeshampeleka mahakamani? Nataka niwepo. Nataka anitazame."

"Subiri kidogo, dada yangu." Inspekta alimgeukia Profesa, akamwekea ile picha mbele ya miwani. "Mfuko uliingia humu mtupu. Umesema mwenyewe. Huu hapa umejaa. Nani alifungua mkojo?"

Profesa aliitazama picha muda mrefu kuliko picha ilivyohitaji. "Mpira ulijinyoosha mwili ulipohamishwa."

"Picha ilipigwa kabla machela ya mochwari haijafika. Na mpira haukujikunja. Ulibanwa." Akaonyesha kibanio na kile kipande chenye alama zake. "Fundi alipoishiwa nguvu, ulimtuma mpimaji akaite msaada. Sista alikuwa wodini. Ulibaki wewe na yeye. Mtu asiyejua angehangaika na kifua chake. Wewe ulikwenda moja kwa moja kwenye mpira wa mkojo, kwa sababu ulijua ulichokuwa unakitafuta. Ukakitoa, ukakitia mfukoni, ukausukuma mpira chini ya paja. Kisha ukamtafuta wa kumtupia mzigo."

"Ile ilikuwa tiba!" Profesa alipaza sauti. "Presha ya namna ile unaondoa kwanza kilichoileta. Daktari yeyote angekitoa!"

"Vizuri. Daktari yeyote angekitoa, na angesema amekitoa. Wewe umeniambia hukuugusa."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ikiwa na alama za vidole vilevile.

"Walikuwa wanajifanyia wenyewe," alisema. "Mwulize huyo."

Mjane alimgeukia Nahodha. "Shemeji?"

"Ni mimi niliyekibana, shemeji."

Kofi lilisikika mpaka korido. Nahodha hakuinua mkono kujikinga. Alikaa akingoja la pili, na halikuja.

"Ulikula chakula changu," mjane alisema. "Ulikuja nyumbani, wakakubeba ngazi zote zile, ukakaa mezani kwangu ukacheka."

"Ndiyo, shemeji."

"Unaona, Inspekta," Profesa alisema, sauti imerudi mahali pake. "Na fikiri vizuri kabla hujaninyooshea kidole. Ukinichukua, mashine inazimwa leo hii. Kuna watu upande ule watasimama kwa sababu yangu. Nenda kawaulize kama wanataka unichukue."

"Basi anichukue na mimi," alisema Nahodha bila kuinua macho. "Niligonga huo mlango. Niandike wa kwanza, afande. Andika kwamba nilibana. Na andika kwamba niligonga."

Mjane alikuwa hawasikilizi tena. Alikuwa anaitazama njia ya njano, akiifuata kwa macho: kilima, koni, kurudi. Ilikuwa fupi sana. Mtoto angeizunguka akiimba wimbo mmoja asiumalize.

"Kama ni dakika chache," aliuliza, "kwa nini hakutoka?"

Hilo hata Inspekta hakulijua.

"Kwa sababu yangu," alisema mpimaji.

Wote wakageuka. Msichana alikuwa anashika kifundo cha mkono wake, mahali panapovaliwa saa.

"Alizunguka vizuri kuliko siku zote. Alipomaliza nikatazama saa, inasoma sifuri. Nilikuwa nimesahau kuibonyeza." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nikamwambia Profesa basi, tuandike kimekosekana, kosa ni langu. Akasema kipimo kama kile hakitupwi, arudie. Nikamtazama Fundi. Uso umewiva, jasho linamtoka usoni na shingoni, na mikono chini imekauka kabisa. Nikasema huyu hayuko sawa."

"Nyamaza," alisema Profesa.

"Nilinyamaza juzi!" msichana alifoka, na sauti yake ikagonga kuta. "Nilidhani nimemuua mimi. Nimelala na hilo. Lakini yeye alizungumza, mama. Alivunja sheria, akazungumza na mimi. Alisema, 'Dada, kichwa kinapasuka. Nifungulieni.' Mimi sikuelewa afunguliwe nini. Nikamtazama Profesa, na Profesa alielewa, niliona kwamba ameelewa."

"Akasema nini?" mjane aliuliza. Sauti yake ilikuwa kavu kama karatasi. "Huyu bwana. Alimjibu mume wangu nini?"

Mpimaji alimtazama Profesa usoni, pengine kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Alimwambia, 'Usizungumze na mpimaji.' Akaniambia mimi nibonyeze saa."

Kisha mjane alikwenda kwenye kiti cha mumewe, akashika vishikio vyake, akakisukuma mpaka mlangoni, akasimama hapo akiwa amewapa mgongo wote.

Inspekta alitoa simu. Mkubwa wake alipokea mara moja, akauliza jalada liko wapi, adhuhuri imefika.

"Mfungulieni Sista," Inspekta alisema. "Sasa hivi, na apewe gari, asitembee. Mkubwa, usinipigie kelele, nisikilize. Ile selo msiifunge akishatoka. Nakuja na mtu wake, huyo daktari bingwa wako."